Nani atajibu kwa dhoruba iliyokwisha kuonekana?

Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya Ziwa Victoria hadi macho ya aliye mlimani yashindwe kuzihesabu. Mbalamwezi ikitawala, taa hizo hukosa nguvu ya kuwavuta dagaa na mitumbwi hubaki ufukweni. Mwezi ukipungua, kazi inarudi. Wakati huo wote, kilomita 35,786 juu ya Ikweta, satelaiti ya Ulaya ya Meteosat imekaa juu ya Ghuba ya Guinea ikilipiga picha bara zima la Afrika kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo. Wingu la radi likianza kuvimba katikati ya ziwa, picha yake huwafikia wataalamu kabla ngurumo haijasikika mwaloni Kirumba, jijini Mwanza. Mvuvi aliye chini ya wingu lenyewe mara nyingi ndiye wa mwisho kupata habari.

Mazungumzo kuhusu sayansi ya anga hupenda kwenda mbali. Watu huulizana kama kuna viumbe kwenye sayari nyingine, kama binadamu aliyekanyaga mwezi alivuka mpaka aliowekewa na Muumba, kama mabilioni yanayochomwa na roketi yasingefaa zaidi kulisha wenye njaa. Yote hayo ni maswali ya haki. Lakini kwa familia ya Mabatini, katika Wilaya ya Nyamagana ya Mwanza, iliyojenga nyumba juu ya mawe ya mlima na kumpeleka kijana wake kambini Ukerewe au Sengerema kutafuta riziki, swali la kimaadili la zama za satelaiti liko karibu zaidi. Ikiwa dhoruba iliyomzamisha kijana huyo ilionekana saa kadhaa kabla, nani anajibu kwa kifo chake?

Msibani jibu la kwanza hujulikana. Kazi ya Mungu haina makosa, watu husema, na maneno hayo yamewasimamisha wafiwa wengi wasianguke. Hayapaswi kudharauliwa. Ila kwa muda mrefu yamebebeshwa pia mzigo ambao si wake: uzembe wa mwenye chombo, ukimya wa ofisi, tangazo lililotoka na kuishia mjini. Sayansi ya anga imesogeza mpaka kati ya yale yaliyo mikononi mwa Mungu peke yake na yale yaliyokabidhiwa mikono ya watu, na jamii za ukanda wa ziwa zinahitaji ujasiri wa kuutambua mpaka huo mpya.

Namna dhoruba za ziwa hili zinavyozaliwa si siri tena. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda pwani, na mawingu ya mvua hupanda juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka. Ziwa lenye kilomita za mraba takriban 68,800 hubaki na joto lake wakati nchi kavu imepoa, upepo unashuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu inapanda kwa nguvu. Ndiyo maana radi na tufani hupenda saa zilezile ambazo mitumbwi ya dagaa iko kazini. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Mbelgiji Wim Thiery walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature Communications, wakitumia picha za satelaiti za miaka kadhaa. Walionyesha kwamba nguvu ya mvua za radi za mchana kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa hutoa dalili ya nguvu ya dhoruba za usiku ziwani. Kwa maneno mengine, jioni mitumbwi inapojiandaa kuondoka, dalili ya usiku utakavyokuwa tayari ipo angani kwa mwenye chombo cha kuisoma.

Utafiti huohuo ulileta habari nzito zaidi. Gesi zinazopasha dunia joto zikiendelea kutolewa kwa kiwango cha juu, mvua kali ambazo leo hulipiga ziwa mara moja katika miaka 15 zinaweza kuja karibu kila mwaka kufikia mwisho wa karne hii. Mvuvi wa Kisiwa cha Kome hana kiwanda wala ndege, na moshi wa karabai ya babu yake haukubadilisha hali ya hewa ya dunia. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta ndiyo yenye satelaiti za kuonyesha adhabu inayomjia asiye na kosa. Kumpa mvuvi huyo taarifa ya dhoruba ni sehemu ya deni, na ni makosa kuihesabu kama sadaka.

Idadi ya wanaokufa inatosha kuondoa usingizi. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyanukuu ni watu kati ya 3,000 na 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima, upande wa Tanzania, Uganda na Kenya. Wengi hufa wawili, watatu, wanne kwa usiku mmoja, na habari zao haziendi mbali zaidi ya kambi na kijiji walichotoka. Taifa husimama linapozama jina kubwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, meli iliyozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, na kwa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilichopinduka jirani na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228.

Vyombo hivyo viwili havikuzamishwa na tufani. Vilizidiwa na uzito. MV Nyerere iliruhusiwa kubeba watu 101, na siku ile ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Hata hivyo, kwenye ibada za mazishi na kwenye vijiwe vya kahawa lilisikika neno lilelile la kazi ya Mungu. Kama uzito uliohesabika kwa vidole unaweza kupewa jina hilo, haishangazi kwamba wingu lililopigwa picha kutoka angani nalo hupewa.

Kuna ushahidi kwamba taarifa huokoa. Kati ya 2017 na 2021, mradi wa kikanda ulioitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, uliwaleta pamoja wataalamu wa hali ya hewa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Walitumia picha za satelaiti, rada na vipimo vya ardhini kutengeneza utabiri maalumu wa ziwa na tahadhari za dhoruba. Mwanza yenyewe ina rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Tathmini ya mradi ilikadiria kwamba vifo vya ziwani vitokanavyo na hali ya hewa vilipungua kwa takriban asilimia 30. Hao ni watu waliorudi nyumbani asubuhi, wakauza dagaa wao, wakapeleka watoto shule.

Hapo ndipo swali la zamani kuhusu gharama za roketi linapohitaji kutazamwa upya. Mwaka 1970 lililetwa na mtu wa Afrika, au tuseme mtu aliyekuwa akifanya kazi Afrika: Sista Mary Jucunda, mtawa aliyehudumia watoto wenye njaa huko Kabwe, Zambia. Alimwandikia Ernst Stuhlinger, mwanasayansi wa NASA huko Huntsville, Alabama, akitaka kujua inawezekanaje kutumia mabilioni ya dola kwa safari za Mars wakati watoto wanakufa kwa kukosa chakula. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu tarehe 6 Mei 1970. Alimsimulia habari ya mkabaila wa Ujerumani wa miaka mia nne nyuma aliyemfadhili fundi wa kusugua vioo huku maskini wakilalamika, na kazi hiyo ya vioo ikachangia kuzaa hadubini, chombo kilichokuja kuokoa watu wengi kuliko fedha zile zingeweza kulisha. Alieleza pia kwamba satelaiti zingesaidia kilimo na utabiri wa hali ya hewa.

Katika hilo la mwisho historia imempa haki. Satelaiti zinazowatazama wakulima wa pamba wa Kwimba na wavuvi wa Ukara ni matunda ya safari zilezile. Lakini Sista naye hakushindwa, kwa sababu swali lake halikuwa la hesabu tu. Alikuwa akiuliza faida inamfikia nani na lini. Stuhlinger mwenyewe alitoka katika kundi la Wernher von Braun, lililotengeneza kombora la V-2 kwa Ujerumani ya Hitler, silaha iliyoundwa kwa jasho na vifo vya maelfu ya wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Roketi ileile ilikuwa njia ya kwenda angani na ilikuwa kaburi. Elimu haichagui yenyewe upande wa kusimama, na mkabaila wa hadithi ile hakuulizwa kama vioo vilimfikia mgonjwa wa mwisho kijijini kwake. Nusu karne baadaye, mwaloni wa kisiwa kidogo unaweza kumrudishia Stuhlinger swali la Sista kwa namna nyingine: hadubini ipo, je, daktari yuko wapi?

Afrika Mashariki haijawahi kuwa mtazamaji tu katika safari hii. Karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco juu ya bahari, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha uhuru wake, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo. Ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na data zake zilichangia ushahidi wa kuwepo kwa shimo jeusi katika kundi la nyota la Cygnus. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Pwani hiyo ilichaguliwa kwa sababu dunia inazunguka kwa kasi zaidi kwenye Ikweta na huisukuma roketi bure. Jina likabaki kwenye vitabu vya sayansi duniani, na kwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki habari hiyo bado ni mpya.

Miaka sita baadaye nchi zilizo kwenye Ikweta zilijaribu kudai sehemu yao ya anga. Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá, Colombia, wawakilishi wa nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire ya wakati ule, walitangaza kwamba mzingo ule wa kilomita 35,786, ambako satelaiti huonekana kama zimetulia mahali pamoja, ni rasilimali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa makubwa yalikataa. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuimiliki anga hiyo, na kwamba uchunguzi wake ufanyike kwa manufaa ya nchi zote. Kisheria, dai la Bogotá halikusimama. Kimaadili liliacha jambo ambalo halijajibiwa vizuri: kama anga ni ya wote, kwa nini manufaa yake huwafikia kwanza walio mbali na mwisho walio chini yake?

Wakati mwingine kinachofika kwanza ni taka. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi ya kurushia vyombo angani, ambacho kwa kawaida kingeteketea angani au kuangukia baharini. Hakuna aliyeumia. Kuna mkataba wa 1972 unaolitaka taifa lililorusha chombo lilipe madhara ya kitu kinachoanguka ardhini, na umewahi kutumika: satelaiti ya Kisovieti ya Cosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilianguka Kanada mwaka 1978, na Wasovieti wakalipa dola milioni 3 za Kanada mwaka 1981. Kanada ilikuwa na wanasheria na vipimo. Mkulima wa Makueni anahitaji serikali imsemee kwa sauti ileile.

Sasa nchi za ukanda huu zina macho yao angani. Satelaiti ndogo ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilipelekwa Novemba 2022. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 ikiwa na kazi ya kutazama kilimo na mazingira. Tanzania nayo imetangaza nia ya kuwa na satelaiti yake. Ni hatua za kujivunia. Sherehe ya kurusha, hata hivyo, ni sehemu rahisi. Kazi ngumu huanza picha inapotua kwenye kompyuta, na ndiyo inayomalizikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ya nahodha wa mtumbwi, kwa lugha anayoielewa, kabla hajasukuma chombo majini.

Hapo dini inaingia, tena kwa heshima. Wapo wanaodhani kila hatua ya sayansi angani inamfukuza Mungu mbinguni. Historia haiwaungi mkono. Nadharia kwamba ulimwengu ulianza kutoka kwenye chembe moja iliyopanuka ilipendekezwa na padri wa Kikatoliki, Georges Lemaître wa Ubelgiji. Desemba 1968 wanaanga wa Apollo 8, wakiwa wa kwanza kuuzunguka mwezi, walisoma maneno ya kitabu cha Mwanzo mbele ya dunia iliyokuwa ikiwasikiliza. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walikaa wakaandaa mwongozo wa sala na saumu kwa mtu anayeuona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Hakuna imani iliyovunjika. Watu walifikiri wakapata njia.

Waislamu wa Mwanza wanaujua mjadala kama huo kwa jina la mwandamo. Kila mwaka, jioni ya mwezi 29 Ramadhani, baadhi husubiri tangazo la BAKWATA na wengine hufuata mwezi ulioonekana nchi nyingine. Hesabu za wanajimu zinaweza kusema kwa usahihi dakika ambayo mwezi mpya unazaliwa. Bado waumini huamua wenyewe, kwa misingi ya dini yao, jicho lina uzito gani na hesabu ina uzito gani. Ni mfano mzuri wa watu wanaoikubali sayansi bila kuisalimisha imani, wakijadiliana juu ya kitu kimoja wanachokiona wote.

Swali zito zaidi ni lile la majaaliwa. Je, anayemtahadharisha mvuvi anashindana na kudra? Misahafu miwili inayosomwa Mabatini ina jibu moja katika kisa cha Yusufu. Mfalme aliota, Yusufu akafasiri kwamba njaa ya miaka saba inakuja baada ya miaka saba ya shibe. Habari ilitoka kwa Mungu, na njaa nayo ilikuwa ndani ya mipango yake. Yusufu hakuwaambia watu wakae wasubiri. Alijenga maghala. Tahadhari aliyopewa ilikuwa tayari amri ya kufanya kazi, na kama nafaka isingehifadhiwa, watu wa Misri wasingekuwa na haki ya kumsingizia Mungu vifo vya watoto wao.

Wasukuma wa kale nao walikuwa na namna yao ya kuliona jambo hili. Mtemi aliwajibika kwa mvua. Ukame ukizidi, watu hawakuishia kulaumu mbingu. Walimgeukia mtawala, na kiti chake kiliweza kutikisika. Leo hakuna anayeamini kwamba mkuu wa mkoa huleta mvua. Lakini ndani ya desturi ile mlikuwa na wazo lisilostahili kuzikwa pamoja na watemi: kwamba aliyepewa nafasi ya kuitazama mbingu kwa niaba ya wengine lazima awajibike kwao kwa kile alichokiona.

Tukifika kwenye vitendo, viongozi wa dini wana nguvu ambayo ofisi nyingi hazina. Ushahidi upo hapahapa kanda ya ziwa. Kati ya 2014 na 2015, watafiti wa Hospitali ya Bugando ya Mwanza na wa Chuo cha Tiba cha Weill Cornell cha Marekani walifanya jaribio katika vijiji 16 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania, ambako huduma ya tohara kwa wanaume ilikuwa ikitolewa ili kupunguza maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Katika vijiji vinane, viongozi wa makanisa walipewa semina iliyounganisha elimu ya afya na mafundisho ya dini. Huko asilimia 52.8 ya wanaume walijitokeza, wakati katika vijiji vingine vinane walijitokeza asilimia 29.5. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017. Wachungaji hawakugeuka madaktari. Walifungua mlango ambao daktari peke yake alikuwa akiubisha.

Kwa nini mlango huo usifunguliwe kwa tahadhari za dhoruba? Visiwani, kipaza sauti cha msikiti husikika mpaka ufukweni, na kengele ya kigango husikika hata kwa asiyesali. Tahadhari ya TMA ikifika kwa imamu kabla ya magharibi, inaweza kutangazwa baada ya sala, wakati mitumbwi ya dagaa haijaondoka. Ikifika kwa katekista Jumapili, inaweza kuingia kwenye matangazo pamoja na ndoa na michango ya ujenzi. Vikundi vya BMU, vinavyosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mialo, vinaweza kupandisha bendera ambayo kila nahodha anaijua. Hakuna kati ya hayo linalohitaji roketi mpya.

Yapo mapingamizi ya kweli. Utabiri hukosea. Mvuvi aliyebaki nyumbani usiku ambao mvua haikunyesha anapoteza chakula cha siku, na mara ya pili hatasikiliza. Wanaotabiri wanapaswa kumweleza ukweli: kwamba wanazungumzia uwezekano, na kwamba usiku wenye uwezekano mkubwa wa tufani unaweza kupita salama kama vile dereva mlevi anavyoweza kufika nyumbani. Mtu mzima akiambiwa ukweli huweza kuamua. Wataalamu nao wana la kujifunza kwa wazee wa ziwa, wanaosoma rangi ya maji, mwelekeo wa upepo na tabia ya ndege kwa uzoefu wa miaka mingi, kwa maana tangazo linalokubaliana na anachokiona mzee huaminiwa haraka.

Pingamizi la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu linahusu fedha. Vijana wengi walioko ziwani hawana mtumbwi. Mtumbwi, injini, nyavu na taa ni vya tajiri, na kibarua hulipwa kwa mgawo wa kilichopatikana. Asiyekwenda hapati, na anayekataa kwenda mara mbili hupoteza nafasi kwa mwingine anayesubiri ufukweni. Kumtumia kijana wa namna hiyo ujumbe wa tahadhari ni kumpa elimu bila kumpa uhuru wa kuitumia. Tahadhari inapaswa kumfunga kwanza mwenye chombo. Tajiri anayeamuru mtumbwi utoke baada ya tahadhari kali kutangazwa, tena bila jaketi okozi za kutosha, awe na kesi ya kujibu. Mahubiri nayo yamtaje, kama yanavyowataja wazinzi na walevi.

Kinachosemwa kuhusu ziwa kinahusu mlima pia. Mvua kubwa zikishuka Mwanza, maji hutiririka kutoka kwenye mawe ya Mabatini kuelekea bondeni na Mto Mirongo, na familia za chini huamka vitanda vikielea. Wingu lililoleta maji hayo nalo lilionekana kutoka angani. Mitaro iliyoziba kwa taka ilionekana na kila mpita njia bila satelaiti yoyote, na hakuna aya ya msahafu inayosema kwamba plastiki iliyotupwa mtaroni ni kudra.

Mwanza ina vyuo, ina Bugando juu ya kilima, ina taasisi za utafiti wa uvuvi na wa magonjwa, ina rada, na ina maaskofu, masheikh na wachungaji wanaosikilizwa. Watu hao wote wanaweza kuketi katika chumba kimoja ndani ya wiki moja. Wakiketi, jambo la kwanza kukubaliana liwe hili: kila mtu anapozama ziwani usiku wa dhoruba, uchunguzi ufanyike na maswali matatu yaulizwe hadharani. Tahadhari ilitolewa saa ngapi? Ilifika mwaloni kwa njia gani na ikapokelewa na nani? Nani aliamuru chombo kitoke? Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kijiji na nakala zipelekwe wilayani, ili mama aliyempoteza mwanawe apate kwenda kuyasoma, au kusomewa, kwa majina na kwa saa.